Dampo jipya la Kampala: Ndege wahesabiwe kabla ya malori kufika

Tangu mlima wa taka wa Kiteezi uporomoke asubuhi ya Agosti 10, 2024 na kuwafukia watu zaidi ya 30, Kampala imekuwa mji usio na uhakika wa mahali pa kutupa uchafu wake. Mwezi uliofuata Rais Yoweri Museveni aliwafuta kazi viongozi wa juu wa Mamlaka ya Jiji la Kampala, KCCA, akiwemo mkurugenzi mtendaji Dorothy Kisaka. Kubadilisha viongozi kulichukua siku moja. Kupata ardhi ya dampo jipya ni kazi ya miaka, na katikati ya kazi hiyo kuna hatua ambayo wafanyabiashara wengi wanaiona kama anasa ya wasomi: kuchunguza ni wanyamapori gani wanaolindwa na sheria wanaoishi katika eneo linalopendekezwa.

Kuna kila sababu ya mwenye kibanda Owino, mwenye lori la vitunguu Kalerwe au mama anayevusha dagaa Busia kuijali hatua hiyo. Ikifanywa vibaya, mradi husimama. Mradi ukisimama taka hubaki sokoni, na taka zikibaki sokoni wa kwanza kufungiwa biashara ni mfanyabiashara. Nairobi imekwisha kuyaona hayo, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Kiteezi lilifunguliwa mwaka 1996 kwa msaada wa Benki ya Dunia, likiwa na ekari zipatazo 36. Kwa mji wa wakati ule zilitosha. Kampala ikakua, Wakiso ikajaa nyumba, na dampo lililokuwa shambani likajikuta katikati ya makazi. Lilitangazwa kuwa limejaa miaka mingi kabla ya kuporomoka, lakini malori yaliendelea kuingia kwa sababu hakukuwa na pengine pa kwenda. Baada ya maafa, taka zilielekezwa kwa muda sehemu nyingine, ikiwemo Nkumba upande wa Entebbe, huku KCCA ikitazama ardhi pande mbili: Dundu wilayani Mukono, ambako jiji lilikwisha kununua zaidi ya ekari 100, na Buyala wilayani Mpigi, ambako eneo ni zaidi ya ekari 200.

Mwenye kuijua ramani ya biashara ataona mara moja kwamba wilaya zote mbili ziko kwenye njia kuu. Mukono iko kwenye barabara ya kwenda Jinja, Malaba na Busia. Mpigi iko kwenye barabara ya Masaka wanayoipita madereva wa Mutukula kuelekea Tanzania na wa Katuna kuelekea Rwanda. Malori ya taka yatachangia lami na malori ya mahindi, na safari itakuwa ndefu kuliko ile ya Kiteezi. Mafuta ya safari hiyo lazima yalipwe na mtu, na kwa desturi ya miji yetu mtu huyo ni mwenye kizimba anayetozwa ushuru.

Lakini wilaya hizo zina sifa nyingine isiyosomeka kwenye ramani ya barabara. Ni nchi ya vilima na mabonde, na chini ya kila kilima kuna bonde la mafunjo. Maji ya mvua yanayopita kilimani huishia bondeni, na kutoka bondeni husafiri polepole hadi Ziwa Victoria au mito inayoelekea kaskazini. Mpigi inapakana na kinamasi cha Mabamba, kilichoorodheshwa mwaka 2006 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Watalii hufika hapo kwa mitumbwi kumtafuta korongo domo-kiatu, ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu cha mbao, ambaye waongoza watalii wa Entebbe wanaishi kwa jina lake.

Kisha yupo korongo taji. Huyu hahitaji kutambulishwa kwa Mganda yeyote, kwa kuwa yumo katikati ya bendera ya taifa. Wakenya wanamwona mashambani Kitale na Nyandarua, Watanzania wanamwona Ngorongoro na Kagera, na Wanyarwanda wanamwita umusambi. Tangu mwaka 2012 yumo katika orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini kutoweka, na wengi wa waliobaki duniani wako katika nchi za Afrika Mashariki. Hujenga kiota chini, katikati ya nyasi na matete ya bonde lenye maji kidogo. Ndilo bonde lilelile ambalo mpima ardhi akilitazama wakati wa kiangazi ataandika kwamba ni “ardhi tupu”.

Hapo ndipo tathmini inapopata kazi. Sheria ya mazingira ya Uganda ya mwaka 2019 inataka mradi wa dampo ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kabla ya kupewa cheti na mamlaka ya mazingira, NEMA. Kenya ina sheria ya aina hiyo tangu 1999 na Tanzania tangu 2004. Sheria za wanyamapori huongeza tabaka jingine: ya Uganda ni ya 2019, ya Kenya 2013, ya Tanzania 2009. Mfadhili wa kimataifa akiingia huja na masharti yake. Tangu Oktoba 2018 miradi mipya ya uwekezaji ya Benki ya Dunia inafuata mfumo ambao una kanuni nzima kuhusu viumbe hai na makazi yao. Kanuni hiyo inasema wazi kwamba mahali palipo makazi nyeti ya spishi iliyo hatarini, mradi hauruhusiwi kuendelea ila kwa masharti magumu.

Kazi yenyewe uwanjani si ya kubahatisha. Wataalamu huanza na kumbukumbu: ni spishi zipi zimewahi kuonekana eneo hilo, je, kuna msitu wa hifadhi, kinamasi au njia ya ndege wahamiaji karibu. Kisha huingia mguuni. Ndege huhesabiwa alfajiri, wakati wanapolia, katika vituo vilivyopangwa kwa umbali sawa. Vyura husikilizwa usiku baada ya mvua. Popo hunaswa kwa nyavu nyembamba na kuachiwa. Kamera zinazojiwasha zenyewe hufungwa kwenye miti kumsubiri nzohe, swala wa kinamasi, ambaye mtu anaweza kuishi jirani naye miaka kumi bila kumwona mchana. Wenyeji huulizwa, na mara nyingi mvuvi au mkata mafunjo anajua zaidi kuliko kitabu. Jambo la lazima ni kwamba kazi hiyo ifanywe katika misimu yote, masika na kiangazi, kwa kuwa bonde la Machi si bonde la Julai.

Kwa bahati mbaya ni sharti hilo la misimu linalokatwa kwanza mradi unapokuwa na haraka, na Kampala ina haraka kweli. Udhaifu mwingine ni wa mfumo. Katika nchi zetu mshauri anayeandika tathmini huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Mamlaka ya mazingira hupokea ripoti, huipitia na kuomba maoni ya taasisi nyingine, lakini aliyekanyaga matope ni mtu anayemtegemea mwenye dampo kwa malipo ya awamu ya mwisho. Haina maana kwamba kila mshauri anadanganya. Ina maana kwamba wiki tatu za kazi hupendeza kuliko miezi kumi, na orodha ya ndege iliyochukuliwa kutoka ripoti ya wilaya jirani huwa kishawishi kikubwa.

Kuna upande wa pili wa suala hili ambao tathmini nyingi huupita kwa aya moja. Dampo huwafukuza wanyama, lakini pia huwaita. Anayepita Kampala au Nairobi anawajua wale ndege wakubwa wenye upara na mfuko shingoni, marabu, ambao Waganda huwaita kaloli. Wamehamia mjini kwa sababu mji unawalisha. Utumbo wa machinjioni, mabaki ya samaki, matunda yaliyooza sokoni, vyote huishia juu ya rundo ambako wao ni wenyeji. Marabu hayuko hatarini, kwa hiyo ni rahisi kumpuuza.

Anayekula naye sahani moja, hata hivyo, ni tumbusi mdogo mwenye manyoya kama kofia kisogoni. Ndege huyu aliwekwa mwaka 2015 katika daraja la juu kabisa la hatari, lile linalotangulia kutoweka porini. Sumu na uwindaji kwa ajili ya waganga vimemmaliza sehemu nyingi za bara. Kwenye machinjio na madampo ya Kampala bado anaonekana. Hivyo mtaalamu anayechunguza eneo la dampo anakabiliwa na kitendawili: ndege wa bondeni anayelindwa atapoteza makazi dampo likifunguliwa, na ndege wa jalalani anayelindwa atapoteza chakula dampo la zamani likifunikwa udongo. Ripoti inayomtaja wa kwanza pekee imefanya nusu ya kazi.

Suala hili la ndege kuitwa na taka ndilo lililokwamisha Nairobi. Dampo la Dandora lilianza katikati ya miaka ya 1970 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Mpango wa kulihamishia Ruai ulikuwa umefika mbali, ukisaidiwa na Shirika la Maendeleo la Japani, JICA. Ardhi ilikuwepo, fedha zilizungumzwa. Kisha mamlaka za anga zikapinga: Ruai iko karibu mno na uwanja wa Jomo Kenyatta, na dampo lingewaleta ndege kwenye njia ya ndege za abiria na mizigo. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga unashauri dampo lisijengwe ndani ya kilomita 13 kutoka uwanja wa ndege. Pingamizi hilo halikuwa la kushangaza hata kidogo. Mabwawa ya majitaka ya Ruai yanajulikana siku nyingi na watazamaji wa ndege kwa wingi wa bata, korongo na ndege wa majini. Mtu yeyote aliyekwenda pale na darubini asubuhi moja angeweza kusema.

Mpango ukafa. Mwaka 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliagiza Dandora lifungwe na kuhamishwa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, na malori hayakuacha kuingia. Wafanyabiashara wa Gikomba, Wakulima na Korogocho wanajua gharama yake: taka zinazokaa siku tatu langoni, kampuni binafsi zinazopandisha bei, moshi. Ni gharama isiyoandikwa popote katika ripoti ya mradi wa Ruai, kwa sababu mradi wa Ruai haukuwahi kuzaliwa.

Entebbe sasa inasimama mahali Nairobi iliposimama. Nkumba haiko mbali na uwanja wa ndege, na kati ya Kampala na Entebbe kuna ghuba ya Lutembe, ardhioevu nyingine iliyoorodheshwa mwaka 2006, ambako shakwe wadogo kutoka Ulaya na Asia hutua kwa maelfu kila mwaka. Minofu ya sangara inayokwenda Ulaya hupandishwa ndege Entebbe. Maua ya mashamba ya kandokando ya ziwa pia. Ndege mmoja wa kilo saba akiingia kwenye injini, shehena ya samaki wabichi inabaki uwanjani, na hasara hiyo hurudi hadi kwa mvuvi wa Kalangala na mnunuzi wa Mwanza. Kama taka zinapelekwa upande huo kwa muda, basi muda huo unapaswa kuwa na tarehe ya mwisho inayojulikana.

Kwa Dar es Salaam hali ni tofauti kidogo, lakini si ngeni. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko upande ule ule wa mji ambako upo msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, mmoja wa misitu ya kale ya pwani. Ndani yake anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama anayetosha kwenye kiganja, anayepatikana Tanzania tu na katika misitu michache. Upanuzi wowote wa miundombinu ya taka upande huo utalazimika kujibu swali la komba huyo. Komba hatembei mchana, kwa hiyo mtathmini anayefanya kazi saa za ofisi hatamkuta.

Baadhi ya wasomaji watauliza, na wana haki: watu wamekufa Kiteezi, mnatuletea habari za vyura? Swali ni zuri lakini linatenganisha vitu visivyotenganika. Kiteezi haikuanguka kwa sababu ya wingi wa tathmini. Ilianguka baada ya miaka ya kurundika bila kusikiliza tahadhari. Addis Ababa ilipoteza watu zaidi ya 100 katika dampo la Koshe Machi 2017 kwa namna inayofanana sana. Mtaalamu anayechimba shimo kupima kina cha maji kwa ajili ya chura ndiye anayegundua kwamba udongo wa bonde hauwezi kubeba uzito. Maji meusi yanayochuruzika kutoka chini ya taka, yakiua samaki wa kinamasi, ndiyo hayohayo yanayoingia kwenye kisima cha jirani. Mafunjo anayojificha nzohe ndiyo kichujio cha mwisho kabla maji hayo hayajafika ziwani, wanakovuliwa dagaa, au omena, au mukene, kutegemea umesimama upande gani wa mpaka.

Na ziwa halina mpaka. Hapa ndipo Jumuiya ya Afrika Mashariki inapotakiwa kuonekana zaidi ya kwenye nembo. Mkataba wa mwaka 1999 una sura nzima kuhusu mazingira na maliasili, na nyingine kuhusu utalii na wanyamapori. Itifaki ya mazingira ilitiwa saini mwaka 2006. Nchi wanachama zimekubaliana kwa maandishi kupeana taarifa pale mradi wa nchi moja unapoweza kuathiri jirani. Dampo la bonde linalomwaga maji Ziwa Victoria ni mradi wa namna hiyo, hata kama liko kilomita nyingi kutoka Mutukula. Kwa vitendo, taarifa za namna hii husafiri polepole kuliko nyanya. Mfuko wa plastiki ulipigwa marufuku Rwanda 2008, Kenya 2017 na Tanzania 2019, na kila mchuuzi aliyenyang'anywa mifuko mpakani anajua jinsi nchi zinavyoweza kuwa wakali kila moja kwa wakati wake na kwa namna yake. Kwa madampo, hakuna hata ukali huo wa pamoja.

Rwanda inatoa mfano wa kutazama kwa makini, pamoja na mapungufu yake. Kigali ilifunga dampo la Nyanza, Kicukiro, mwaka 2012 na kuhamia Nduba wilayani Gasabo. Nduba nayo imelalamikiwa na majirani kwa harufu na moshi, kwa hiyo kuhama peke yake si dawa. Lakini nchi hiyo hiyo imewarudisha korongo taji waliokuwa wakifugwa kwenye bustani za hoteli na nyumba za matajiri, ikawahesabu mmoja mmoja, na wale wasioweza kuruka tena imewapa kinamasi kilichofufuliwa pembezoni mwa Kigali. Kazi ya kuwahesabu inavuka mpaka na kuingia nchi jirani. Maana yake ni kwamba takwimu za kuanzia zipo. Mshauri wa Mpigi hawezi kusema hakuna anayejua.

Sehemu ambayo wafanyabiashara wanaweza kuibadilisha bila kusubiri serikali iko ndani ya masoko yao. Taka za Kampala, kama za miji mingi ya ukanda huu, sehemu kubwa ni vitu vinavyooza: majani ya ndizi, maganda ya mananasi, kabichi, mabaki ya samaki. Hivyo ndivyo vinavyowaita kaloli, na ndivyo vinavyotoa maji meusi na gesi. Soko linalotenganisha vinavyooza na kuvipeleka kwa watengeneza mboji, wafugaji wa nguruwe au wafuga funza wa chakula cha kuku, linapunguza ukubwa wa dampo linalohitajika na idadi ya ndege watakaolifuata. Nairobi na Kampala zote zina watu wanaofanya biashara hiyo tayari, kwa faida. Mpango wa dampo jipya usioweka hesabu hiyo unaomba ekari nyingi kuliko zinazohitajika.

Sheria pia inawapa nafasi ya kusema. Tathmini si siri. Kabla ya cheti kutolewa wananchi wanaoathirika wana haki ya kusoma ripoti na kutoa maoni, na chama cha wenye vizimba ni wananchi wanaoathirika kama alivyo mkulima wa Buyala. Maswali ya kuuliza si magumu. Wataalamu walikuwa uwanjani miezi gani? Walikaa usiku mangapi? Walihesabu ndege wanaokuja kwenye taka au wale wa bondeni tu? Mamlaka ya anga imetoa barua? Maji ya eneo hilo yanaelekea wapi? Na kama korongo taji wana viota hapo, dampo litasogezwa mita ngapi, au kinamasi gani kitalindwa badala yake, na nani atalipa mlinzi wake baada ya mfadhili kuondoka?

Ndege wahamiaji huanza kuwasili kutoka kaskazini Septemba na Oktoba na huondoka karibu Aprili. Mtathmini atakayeingia Mpigi au Mukono Mei na kutoka Julai hatawaona.